Nchi ya Faili Moja

Nchi ninayoisimulia haina jina kwa sasa. Jina lilikuwepo, tena zuri tu, ila lilipelekwa kamatini likaboreshwe, na kamati ikaenda semina haijarudi. Kwa hiyo msomaji aniwie radhi nikisema "nchi yetu", na asije akadhani ni yake. Yake ina jina.

Mimi ni Mbaruku, karani wa mafaili katika Idara ya Vipimo vya Satelaiti. Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Wapima wanakwenda uwandani, wanasimamisha mashine kwenye miguu mitatu juu ya jiwe la mpaka, mashine inakaa saa mbili ikisikiliza satelaiti huko juu, kisha inatoa faili. Ndani ya faili mna namba za mahali: pale jiwe liliposimama ni wapi hasa katika dunia hii, bila kukosea hata upana wa kidole. Tatizo ni kwamba mashine haijui kutoa majina. Kila faili inaliita LOG. LOG1, LOG2, LOG3, na ukiizima ukaiwasha inaanza upya LOG1 kana kwamba haikuwahi kufanya kazi. Basi wapima wakirudi, karani anakaa nao, anasoma fomu waliyojaza kwa kalamu, anabadilisha jina, anaweka faili kwenye folda yake. Ukilaza kazi hiyo hata siku moja, kesho hujui LOG3 ni mlima au ni choo cha shule.

Aliyenifundisha ni Tabia Ngwali, mpima, mwanamke asiyecheka akiwa na kalamu mkononi. Kanuni yake ilikuwa fupi: kituo, siku, kipindi. Hakuna kingine.

"Jina la faili ni anwani, kaka Mbaruku," aliniambia. "Halisifii mtu wala halimlaani mtu. Linakuonyesha mlango, unaingia."

Kwa kanuni hiyo faili la MKW1-142-A ni jiwe la kwanza la Mkwajuni, siku ya mia moja arobaini na mbili ya mwaka, kipindi cha kwanza. Faili hilo nalijua kuliko yote, maana siku hiyo msaidizi wa Tabia aliumwa na tumbo, nikaenda mimi.

*

Mkwajuni tulimkuta Bi Nyamvula, mama wa makamo ya kuelekea uzeeni, amekaa mlangoni kwake anachambua choroko. Ukutani kwake palikuwa na alama ya X kwa rangi nyekundu. Barabara Kuu ya Shukrani ilikuwa inakuja, na watu wa barabara walisema nyumba yake imo ndani ya hifadhi ya barabara. Yeye alisema haimo. Alikwenda kulalamika Baraza la Mipaka, na Baraza likasema papimwe.

"Shikamoo, bibi," nilimwamkia.

"Marahaba. Mmekuja kupima au mmekuja kuvunja?"

"Kupima."

"Basi karibuni uji. Wa kuvunja wangekunywa maji."

Mumewe, Mzee Kirumbi, alitoka ndani bila fimbo, akatembea moja kwa moja hadi kwenye mtungi, akachota, akanywa. Ilinichukua muda kutambua kwamba haoni. Ana miaka kumi na tisa haoni. Bi Nyamvula akatueleza bila hata kuacha choroko zake: kutoka mlangoni hadi kwenye mtungi hatua kumi na mbili, hadi chooni thelathini na moja, hadi kwa jirani wa kucheza naye bao hamsini na nne na kona moja. Mahali pengine popote duniani mzee huyo ni wa kushikwa mkono. Hapo nyumbani alikuwa mtu mzima kama wewe na mimi.

Mzee alisogea hadi kwenye mashine, akatega sikio.

"Hii inasikiliza nini?"

"Satelaiti, mzee," Tabia akajibu.

"Zinasema nini?"

"Zinatuambia tuko wapi."

"Mimi mbona najua niko wapi? Waulizeni watu wa barabara."

Mashine ikasikiliza saa zake mbili. Tabia akavuta futi kutoka kwenye jiwe hadi ukutani, akanisomea, mimi nikaandika kwenye fomu: nyumba iko nje ya hifadhi ya barabara kwa mita nne na sentimita kumi. Nikachora na mchoro wake, nyumba, jiwe, mtungi. Bi Nyamvula akaomba nimwandikie jina la faili nyuma ya kalenda yake.

"Siku ya mia moja arobaini na mbili ndiyo lini, mwanangu?"

"Ndiyo leo, bibi."

"Leo si Jumanne?"

"Ni Jumanne pia."

Alicheka sana. Tukanywa uji, tukaondoka, na jioni ile ile nikalibadilisha jina faili, nikaliweka mahali pake. Ilibaki tu Baraza likae.

*

Wiki iliyofuata tukaletewa Mkurugenzi mpya, Bwana Lufunyo. Alitoka Idara ya Sherehe, ambako kwa miaka ishirini kazi yake ilikuwa kupanga nani atajwe kabla ya nani. Inasemekana alikuwa na uwezo wa kuingia harusini, akaangalia viti mara moja, akajua ni nani atakayenuna.

Alizungukia ofisi zote hadi akafika kwangu. Akainama kwenye kompyuta.

"Hivi ni vitu gani?"

"Mafaili, Mkurugenzi."

"Hili linaanzaje?"

"Linaanza na MKW1. Ni Mkwajuni."

Akavua miwani, akaivaa tena.

"Yaani faili linaingia katika ofisi ya serikali, halipigi hodi, halimwamkii mtu, linaanza kutaja kijiji chake?"

Kwa kweli sikuwahi kulitazama hivyo.

Kesho yake tukaitwa mkutanoni, wapima, makarani, madereva, hadi mpishi wa chai. Mkurugenzi akatusomea Waraka Namba Moja. Kuanzia sasa kila jina la faili litaanza kwa itifaki kamili: Mheshimiwa Rais, Mlezi wa Ardhi na Anga na Vilivyomo Katikati, kisha mama Mke wa Rais, kisha Makamu, Waziri, Katibu Mkuu, Mkurugenzi mwenyewe, Mkuu wa Mkoa na Mkuu wa Wilaya. Mwishoni, kama nafasi itabaki, kituo na siku. Na mafaili yote yatakaa folda moja.

Tabia akanyoosha mkono.

"Mkurugenzi, kompyuta zetu zinapokea herufi thelathini na mbili tu. Zinazozidi zinakatwa. Kwa nini tusiandike 'itifaki imezingatiwa', halafu tukaendelea na kituo?"

"Wewe, dada, ukienda ukweni unamwambia mama mkwe 'salamu zimezingatiwa'?"

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu nilikaa safu ya mbele.

"Basi itifaki ikae mwisho wa jina," Tabia akasema.

"Rais awe mwisho? Kwani hapa ni foleni ya maji?"

Mkutano ukafungwa kwa sala.

*

Nilihesabu mwenyewe, herufi kwa herufi. Itifaki yote ilikuwa na herufi mia tatu na kumi na mbili. Kompyuta ilipokea hivi: MHESHIMIWA-RAIS-MLEZI-WA-ARDHI-N. Hapo ikagota. Hata Anga haikuingia, sembuse Mkwajuni.

Faili la kwanza lilikwenda vizuri. La pili nilipolipa jina, kompyuta ikaniandikia: FAILI LENYE JINA HILI LIPO. LIFUTWE? Chini yake Ndiyo, na pembeni Hapana. Nikatoka jasho. Nikibonyeza Ndiyo, nimemfuta Mheshimiwa Rais. Nikibonyeza Hapana, amekuja Mheshimiwa Rais mwingine mlangoni nami nimemfungia. Nikaliacha swali pale pale kwenye kioo, nikaenda kwa Mkurugenzi.

Mkurugenzi naye akatoka jasho. Akamwita mwanasheria wa Idara, na mwanasheria akajifungia siku tatu na vitabu vyake. Alipotoka alikuwa na maoni ya kurasa kumi na nane, nami nayafupisha: Mheshimiwa Rais hafutiki. Kwa hiyo anayebonyeza Ndiyo hajafuta kitu chochote. Bali anayebonyeza Hapana, huyo ameulizwa habari za Rais akasema Hapana, na maneno hayo yamebaki.

"Umeelewa, Mbaruku?" Mkurugenzi aliniuliza.

"Nimeelewa, Mkurugenzi."

"Basi anza na ya zamani yote. Nchi isiwe na mafaili yenye adabu na mengine ya kihuni."

Ya zamani yalikuwa elfu tisa mia moja na kumi na manne. Miaka ishirini na mbili ya watu kupanda milima na betri mgongoni. Nilikaa wiki tatu. Badilisha jina, swali, Ndiyo. Badilisha jina, swali, Ndiyo. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema hewala haigombi, na ni kweli, hatukugombana na kompyuta hata mara moja. Mafaili mia ya kwanza kidole kilikwenda polepole. Baada ya hapo kikafa ganzi kama mguu uliokaliwa, na ganzi ikapanda mkononi, ikaendelea.

Siku ya kumi na moja likatokea MKW1-142-A. Nililijua mara moja. Nilijua pia kwamba hakuna jingine, na kwamba likienda limekwenda. Nikakumbuka uji. Nilisita kiasi cha mtu kumeza mate, kisha nikabonyeza, nikaangalia linalofuata. Ningependa kusema niliumia. Nilikuwa na njaa, hilo nalikumbuka, na nilikuwa nafikiria kama kantini bado kuna maharage.

*

Tabia aligundua wiki ya tatu ilipokwisha. Alikuja kwangu na kuvuta kiti, akafungua folda moja baada ya nyingine. Kila folda ilikuwa tupu, isipokuwa ya mwisho.

"Kaka Mbaruku. Yako wapi?"

"Yamo humo."

"Humu mna faili moja."

"Ndiyo. Ndimo yalimo."

Alirudisha kiti mahali pake. Kisha akaenda kuandika barua. Katika barua alisema atanakili upya yote yaliyosalia kwenye mashine na kuyatunza kwa majina ya zamani. Mkurugenzi akatoa Waraka Namba Mbili, kwamba kutunza faili lisilo na itifaki ni sawa na kuificha ardhi ya Taifa nyumbani kwako, na mashine zote zikafutwa kumbukumbu siku hiyo hiyo mbele ya mashahidi. Tabia akapewa uhamisho. Akapelekwa Kitengo cha Kupwa na Kujaa kwa Bahari. Nchi yetu haina bahari. Kitengo kiko ghorofa ya chini karibu na stoo, na kila asubuhi mpima wa zamu anaandika kwenye daftari: maji hayajafika.

Kabla ya kushuka aliniletea bahasha.

"Hii ni fomu ya uwandani ya Mkwajuni. Mwandiko ni wako, sahihi ni yangu. Waraka umesahau karatasi. Siku ya Baraza mimi sitaruhusiwa kufika, wewe ndiye utakayeitwa pamoja na kumbukumbu za Idara. Itoe. Useme tu ulichokiona."

"Nitasema, dada."

"Sema kwamba ulipima. Hakuna zaidi ya hapo."

"Nitasema," nikarudia. Na wakati ule nilikuwa nasema kweli.

*

Idara yetu ikasifiwa. Magazeti yakaandika kwamba tumesafisha kumbukumbu zilizokuwa zimechafuka miaka mingi. Ikapangwa sherehe, na ikaamuliwa ifanyike pamoja na uzinduzi wa Barabara Kuu ya Shukrani, pale barabara inapoanzia, kilomita sitini kutoka Mkwajuni. Katikati ya lami mpya paliwekwa jiwe la uzinduzi. Mashine yetu ikasimamishwa juu ya jiwe, ikapambwa kwa maua, ikasikiliza satelaiti zake huku kwaya inaimba. Mimi nilikaa kwenye meza pembeni na kompyuta. Swali likaja. Nikajibu.

Mkurugenzi akapanda jukwaani. Itifaki ilichukua nusu saa. Halafu akasema:

"Mheshimiwa Rais, tulirithi mafaili elfu tisa na zaidi, na kila moja lilikuwa na lake la kusema. Hili linasema mimi niko bondeni. Lile linasema mimi niko kilimani. Ndugu zangu, hilo ni taifa au ni soko la samaki? Leo, kwa unyenyekevu mkubwa, nakukabidhi nchi yenye faili moja na msimamo mmoja!"

Makofi. Rais, ambaye ni mtu wa kuuliza maswali, akauliza:

"Na hilo faili linasema nchi iko wapi?"

"Iko hapo ulipo wewe, Mheshimiwa."

Kwaya ikaanza tena bila kuamriwa.

Kwa kuwa faili lile lilikuwa la jiwe alilolikanyaga Rais mwenyewe, ilionekana si heshima kupima mahali pengine popote, maana faili jipya lingelifuta. Upimaji ukasitishwa. Mashine zikafungiwa stoo kwa kufuli tatu, na tangazo likatoka kwamba nchi imekwisha kupimwa.

Mambo yakarahisika kuliko tulivyotarajia. Watu wa Kisimani walipoomba zahanati, walijibiwa kwamba kwa kumbukumbu za Taifa, Hospitali Kuu iko mita sifuri kutoka kwao, na waache kupiga kelele wodini. Mkuu wa Magereza akatangaza kwamba hakuna mfungwa aliyewahi kutoroka, kwani popote aendapo bado yumo gerezani. Waziri wa Uchukuzi akafuta ziara zake zote za mikoani, akaandika kwamba ameshafika. Na sisi wananchi tukazoea. Binadamu ni mtu wa kuzoea.

*

Baraza la Mipaka likakaa. Bi Nyamvula alifika na kalenda yake imeviringishwa kwapani, amemshika mumewe mkono. Mzee Kirumbi aligonga goti kwenye benchi, akagonga bega kwenye mlango, akaketi akiwa ameinamisha kichwa kama mtu aliyekosea nyumba ya watu. Mkurugenzi alikaa mbele, mkabala na mimi, na mwanasheria wa Idara kando yake. Fomu ya Tabia ilikuwa mfukoni mwangu.

Mwenyekiti wa Baraza alikuwa mzee mpole mwenye sauti ya kubembeleza.

"Karani, apa."

Nikaapa.

"Faili la nyumba ya mama huyu lipo?"

"Faili lipo, Mheshimiwa Mwenyekiti. Ni moja."

"Ndilo la MKW1 hiyo iliyoandikwa kwenye kalenda?"

"Ndimo lilimo."

"Lina namba gani za mahali?"

Nikazisoma.

"Hapo ni wapi?"

"Ni kwenye jiwe la uzinduzi, Mheshimiwa. Katikati ya barabara."

Ukumbi ukanong'ona. Bi Nyamvula akasimama.

"Mheshimiwa, naomba kusema. Nyumba yangu iko Mkwajuni. Ina mtungi nje, ina mkarakara wa matunda umetambaa ukutani. Huyu kijana alikuja kwangu akanywa uji. Muulizeni. Mume wangu haoni, Mheshimiwa, nyumba ile anaiona kwa miguu. Mkiivunja mtakuwa mmempofusha mara ya pili."

"Keti, mama, tumekusikia." Mwenyekiti akanigeukia. "Karani, kuna karatasi yoyote?"

Nikaitoa. Mkono ulikwenda wenyewe mfukoni, sitaki sifa yoyote kwa hilo. Mwanasheria wa Idara akaipokea, akaitazama juu, akaitazama tena juu.

"Mheshimiwa, karatasi hii inaanza na neno 'Kituo'. Haina itifaki. Hatujui inasema na nani."

Mwenyekiti akaguna, akaiweka chini ya kitabu chake. Lakini hakuniachia. Nadhani alikuwa ananitafutia mlango, maana aliuliza polepole, akinitazama usoni:

"Tuiache karatasi. Tuliache faili. Wewe, kwa macho yako, unajua mahali pengine ambapo nyumba hii ipo?"

Hapo ndipo palikuwa pahali pangu pa kusema. Nyumba nzima ilikuwa mdomoni mwangu, mita nne na sentimita kumi. Mkurugenzi alikuwa anafuta miwani yake taratibu, wala hakuniangalia. Nikamfikiria Tabia na daftari lake kule chini. Nikasema:

"Sipajui, Mheshimiwa."

"Una hakika?"

"Sipajui mahali pengine nje ya faili."

Baraza likatoka dakika tano, likarudi na uamuzi. Nyumba ya Bi Nyamvula, kwa kumbukumbu pekee zilizopo, iko katikati ya Barabara Kuu ya Shukrani, kwenye namba za mahali zilizosomwa, na itavunjwa hapo hapo ilipo ndani ya siku saba.

Nilitegemea kilio. Bi Nyamvula alimwomba karani wa Baraza amsomee tena. Akasomewa. Kisha uso ukamfunguka, akaanza kutingishika mabega kwa kicheko.

"Kirumbi, umesikia? Wanakwenda kuvunja huko huko kwenye jiwe lao! Wavunje tu. Sisi twende zetu nyumbani."

Alinipita mlangoni. Hakunisalimia, ila hakuonekana ana kinyongo. Nilisikia ahueni, nikajiambia kwamba labda nimemsaidia bila kujua. Nilikwenda na wazo hilo siku sita nzima.

*

Siku ya saba asubuhi Mkurugenzi aliniita. Alikuwa ameshika simu, na upande wa pili mtu alikuwa anapiga kelele. Alikuwa dereva wa katapila. Amepewa amri na namba za mahali, ameziingiza kwenye simu yake, zimempeleka hadi kwenye jiwe la uzinduzi. Hapo hakuna nyumba. Kuna jiwe, lina jina la Rais, lina maua yamekauka. Alitaka kujua kama alivunje.

"Mwambie asiguse!" Mkurugenzi alisema, na nikaona midomo imemkauka. "Asiguse, arudi nyuma, azime na injini!" Akafunika simu kwa kiganja. "Mbaruku. Wewe si uliwahi kufika kule?"

"Kule wapi, Mkurugenzi?"

"Usinichezee. Kwa yule mama."

"Mkurugenzi, niliapa kwamba sipajui."

"Uliapa mbele ya Baraza," akasema. "Hapa kuna Baraza?"

Nikatazama. Hapakuwa na Baraza.

Wakanichukua kwa gari hadi njia panda ya Mkwajuni, nikapanda katapila kwa dereva. Alikuwa mtu mchangamfu, jina lake Semkiwa. Aliniambia kazi hii ameifanya miaka saba na sasa anaweza kulala hata injini ikiunguruma. Aliniuliza kama nina watoto. Nilimjibu. Njiani nilijitafuta haya, nikajitafuta woga, hata huruma, kama mtu anayepapasa funguo mifukoni, na sikupata kitu. Nilikuwa nakumbuka njia vizuri tu. Kisima, kona, duka la mafuta ya taa, kisha mnazi mmoja uliopinda.

Kijiji hakikushtuka. Watu walikaa mabarazani wakitutazama tunapita, maana habari zilikuwa zimeshafika kwamba nyumba ya Bi Nyamvula kisheria iko kilomita sitini. Yeye mwenyewe hakuwa ametoa nje hata kijiko. Nguo zilikuwa kwenye kamba. Alikuwa mlangoni, sufuria mkononi, anamwaga maji ya kuoshea mchele.

Semkiwa akapunguza mwendo. Kulikuwa na nyumba sita mstari mmoja, na alama ya X ilikuwa imefutwa na mvua.

"Ni ipi, bosi?"

Nikainua mkono, nikanyoosha kidole.

Bi Nyamvula alikitazama kile kidole. Akakifuata kinakoelekea, taratibu, hadi akageuka nyuma akauona mlango wake mwenyewe. Akanirudia mimi. Hakuna satelaiti iliyowahi kunisoma namna ile.

"Kumbe unapajua, mwanangu," akasema.

Akaweka sufuria chini, akaingia ndani kumshika mumewe mkono.